Katekista Aliyekuwa Kidira

Ukibisha hodi kwa Katekista wetu naye yuko jikoni, ilikuwa lazima ukosee. Ulisikia kutoka ndani sauti ya mtoto wa kike wa miaka kumi, nyembamba na safi kama maji ya mfereji wa mfongo yanayoteremka kutoka msituni, ikikuambia, "Karibu, nakuja." Nawe ukajibu kama ambavyo mtu mzima yeyote angejibu: "Mtoto, niitie bibi yako." Ndipo alipotoka mwanamke wa miaka sitini na kitu, mrefu, mabega mapana, kitenge kiunoni na mwiko mkononi, akakutazama mpaka ukakumbuka dhambi ambazo hukuwahi kuziungama.

"Bibi yangu alishafariki," alisema kwa sauti ile ile. "Labda uniambie mimi."

Nimeona mambo haya yakimpata afisa kilimo, yakampata mtu wa kampuni ya simu, na yakampata mgombea mmoja wa udiwani ambaye, aliposikia sauti, aliinama kabisa na kutoa pipi mfukoni. Katekista alipotokea, mgombea alikuwa bado ameinama. Pipi ilipokelewa. Kura haikutoka.

Mimi ni jirani yake, huku Kibosho. Nina duka, na ubavuni mwa duka nina chumba chenye televisheni mbili ambacho watoto wanakiita kibanda cha gemu na mama zao wanakiita majina mengine. Yeye ndiye aliyenifundisha mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na tangu hapo hakuacha kunisahihisha. Jina lake la ubatizo liko kwenye kitabu cha kanisani, na nadhani limebaki huko huko, maana hata shemeji zake walimwita Katekista.

Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha watu njia ya mbinguni, na katika hilo hakuna aliyemtilia shaka. Njia za duniani zilikuwa habari nyingine. Sisi watu wa mlimani tuna pande mbili tu, juu na chini. Juu kuna msitu na theluji, chini kuna mji na matatizo yake. Katekista aliushikilia utaratibu huu hata alipofika Moshi mjini, ambako vitu vimejilalia tambarare bila mpango. Siku moja nilimkuta kando ya mzunguko wa mnara wa saa, kikapu mkononi, ametulia kama aliyeajiriwa kusimama pale.

"Shikamoo, Katekista. Unamngoja nani?"

"Marahaba. Naungoja mlima."

Mawingu yalikuwa yameufunika mlima wote. Akanieleza kwa uvumilivu kwamba ukifunguka atajua juu ni wapi, na akijua juu atajua soko liko upande gani. Soko lilikuwa nyuma yetu, tulikuwa tunawasikia wauza vitunguu. Nilipomwonyesha alinishukuru sana, lakini hakuondoka mpaka Kibo ilipochungulia na kuyathibitisha maneno yangu.

Mtu huyo ndiye aliyechaguliwa kuwa rubani wa meli.

Ilianza na kijana mmoja wa mjini, mwenye miwani na kompyuta iliyojaa vibandiko. Yeye na wenzake wawili walikuwa wanatengeneza gemu la safari za baharini. Nahodha anazunguka visiwani akitafuta mzigo ulioibwa na maharamia, na begani kwake ameketi Kidira, msichana mdogo anayesoma nyota na mikondo ya maji na kumwambia nahodha aelekee wapi. Kati ya vijana hao watatu, mmoja alikulia Kibosho, wa pili Kirua Vunjo, wa tatu Tarakea. Bahari waliiona mara moja, katika ziara ya shule, na siku hiyo mvua ilinyesha hawakushuka kwenye basi.

Walikuja kigangoni kwetu kutafuta mtoto wa kumpa Kidira sauti. Watoto wa kwaya walipangwa mstari, wakapewa karatasi, na kila mmoja alisimama mikono ubavuni akasoma kama anayemkaribisha mkuu wa wilaya: "Ndugu nahodha, napenda kukujulisha kwamba mwamba uko mbele." Kabla sentensi haijaisha meli ingekuwa chini kabisa, na samaki wameshaingia jikoni. Katekista alikuwa nyuma anapanga vitabu vya nyimbo. Alivumilia watoto watatu. Wa nne alimshinda.

"Wewe! Jiwe linakuja halafu unasoma risala? Mwambie mtu akae pembeni!"

Kijana wa kompyuta aligeuka upesi, akaanza kumtafuta kwa macho mtoto aliyesema.

Habari zilifika kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, zikiwa zimegeuka kidogo. Kwa kuwa wengi wetu rubani tunayemjua ni yule wa ndege, ilieleweka kwamba Katekista ameajiriwa uwanja wa ndege. Kwa muda wa mwezi mzima kila ndege ilipopita juu yetu, wazee waliweka vibuyu chini wakafanya ishara ya msalaba. Wengine walifanya hivyo kwa ajili yake. Wengi walifanya kwa ajili ya abiria.

Kurekodi kulifanyika mjini, katika stoo iliyozungushiwa magodoro. Nilimsindikiza siku ya kwanza ili asiende kuungoja mlima. Kwenye karatasi iliandikwa: "Geuza kaskazini-mashariki, nahodha."

"Huko ndiko wapi?" akauliza Katekista.

"Ni baharini, mama."

"Nauliza ni juu au ni chini."

"Bahari iko sawa, mama. Haina juu wala chini."

"Umewahi kwenda?"

Kijana akafuta miwani.

"Mawimbi hayapandi?"

"Yanapanda."

"Hayashuki?"

"Yanashuka."

"Basi."

Ndivyo Kidira alivyokuja kuwa rubani wa kwanza anayeongoza meli kama mtu anayeshuka Kibosho wakati wa masika. "Panda, nahodha, panda! Haya, sasa teremka taratibu, kuna utelezi!" Mtu mmoja wa Tanga aliwaandikia malalamiko marefu, akisema bahari haina utelezi na kwamba babu zake wanageuka makaburini. Lakini watoto walipenda. Ndani ya miezi michache kibanda changu kilijaa manahodha wanaopanda na kuteremka katikati ya maji.

Kuna mambo alikataa kabisa. Katika kisiwa cha tatu maharamia wanamkamata Kidira na kumwuliza nahodha amejificha wapi, na karatasi ilitaka ajibu kwamba nahodha amekufa.

"Mtoto huyu hasemi uongo," alisema Katekista.

"Lakini ni maadui, mama. Wana mapanga."

"Ndiyo maana. Mtu mwenye panga humdanganyi, atakasirika zaidi."

Wakakubaliana Kidira ajibu, "Muulizeni mwenyewe." Matokeo yake nahodha anakamatwa kila mara, na kisiwa cha tatu kikawa kigumu kuliko vyote. Baadaye kijana wa kompyuta alialikwa Dar kwenye kongamano la wabunifu, akakieleza kisiwa kile kwa dakika nyingi kama falsafa ya mchezo. Watu waliandika. Jambo la kwamba falsafa ile ilikuwa na kitenge na ilikataa kusaini mpaka iahidiwe kwamba mabaharia watasali kabla ya kula, hakulitaja.

Kwa upande wake Katekista hakujisifia. Kigangoni hatukuwa na habari kwamba gemu limefika mbali, mpaka Desemba. Desemba, kama kila mtu ajuavyo, Dar yote inahamia kwetu. Magari yanajipanga mpaka kwenye migomba, na watoto waliozoea feni wanavalishwa masweta ya binamu zao. Jumapili ya kabla ya Krismasi kanisa lilifurika. Baada ya Komunyo Katekista alisimama, akakohoa kidogo, akaanza matangazo: "Akina mama wa jumuiya ya chini wanakumbushwa kuleta ndizi—"

"Mama!" Mtoto mmoja alisimama juu ya benchi. "Ni Kidira!"

"Kidira yuko hapa!" akaitikia mwingine kutoka upande wa wanaume.

Wakatoka kwenye mabenchi. Miaka yote niliyosali pale nimeona watoto wakikimbilia mlangoni, sijapata kuona wakikimbilia altare. Walimzunguka wakimwangalia juu kwa mashaka, maana Kidira waliyemjua alikuwa wa kukaa begani, na huyu angeweza kumbeba nahodha pamoja na meli. Katekista akashusha karatasi.

"Kaeni chini. Meli ikikimbiliwa upande mmoja inazama."

Wakakaa pale pale sakafuni, kimya. Padre, ambaye kwa miaka alikuwa anaomba kimya kama hicho wakati wa mahubiri, alimtazama kwa jicho ambalo si la kiroho sana.

Mwenyekiti wa kigango hakufurahi. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa haki, ila aliamini kwamba kitu chochote kinachofurahisha lazima kiitiwe kikao. Kikao kikaitwa. Nami niliitwa kama mwenye kibanda.

"Hilo gemu lina mashetani?" aliuliza Mwenyekiti.

"Hapana," alijibu Katekista. "Lina maharamia."

"Ni Wakatoliki?"

"Sijawauliza."

"Unafanya kazi na watu bila kuwauliza dini?"

"Wewe ulinunua ng'ombe Tarakea. Ulimuuliza?"

Ikaamuliwa Katekista apumzishwe matangazo "mpaka bahari itulie," maneno ambayo Mwenyekiti aliyapenda sana, akaagiza yarudiwe. Jumapili iliyofuata akasoma matangazo mwenyewe. Alianza na "kama nilivyotangulia kusema," ingawa hakuwa ametangulia kusema kitu, na alipofika kwenye ndizi za akina mama nusu ya kanisa ilikuwa imelala.

Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, mjukuu wa Mwenyekiti, msichana wa miaka saba aliyeletwa kutoka Dar, alipanda mparachichi ulio ukingoni mwa korongo, nyuma ya nyumba ya babu yake. Alitaka kutazama kama kutoka juu kule bahari inaonekana. Alipofika juu hakuona bahari, aliona korongo. Akaukumbatia mti akagoma kusogea hata kidole.

Ngazi ilikuwa fupi. Baba mdogo wake alijaribu kupanda, tawi likalia, akashuka mwenyewe kwa kasi kubwa kuliko alivyopanda. Mama mtu alikuwa amekaa chini, kanga mdomoni. Mwenyekiti alisimama chini ya mti akitoa amri kwa sauti ya paredi: "Nasema shuka! Nahesabu mpaka tatu!" Akafika tatu, akaanza upya. Tawi likalia tena. Ndipo akanigeukia, na sauti yote imemwisha, akasema, "Kamlete."

Nilimkuta Katekista zizini. Alikuja hivyo hivyo, mikono ina samadi. Hakumsalimia mtu. Alisimama chini ya mti, akatazama juu, akaita bila kupaza sauti:

"Nahodha."

Majani yakatulia. "Kidira?"

"Ndiye. Usitazame chini, chini nitatazama mimi. Unausikia mti?"

"Ndiyo."

"Sasa tunateremka. Mguu wa kushoto utafute tawi nene. Taratibu, kuna utelezi. Hapo. Sasa mkono. Usiache mpaka mwingine umeshika."

Ilikuwa kazi ndefu. Mara mbili mtoto alisimama akalia, na mara zote mbili Katekista alimngoja bila kumharakisha, akimwambia kwamba hata manahodha wakubwa hutia nanga wakapumzika. Mguu wa mtoto ulipofika kwenye ngazi baba mdogo alimdaka, na uani watu wakaangua kilio kana kwamba ndiyo kwanza hatari imeanza. Katekista alikaa kwenye jiwe. Akaanza kufuta samadi mikononi kwa jani la mgomba.

"Kushoto na kulia," aliniambia polepole. "Huwa nachanganya. Mungu amenisaidia mtoto naye anachanganya."

Kesho yake asubuhi Mwenyekiti alikwenda kwake akiwa na sale. Kwetu, mtu akikuletea jani la sale kuomba radhi, huwezi kumkataa. Mwenyekiti hakutaka kubahatisha, alileta kichaka kizima. Matangazo yakarudi kwa mwenyewe, na darasa la mafundisho likajaa hata watoto wa Kilutheri.

Muda wote huo alikuwa anavaa skafu shingoni, nasi tukadhani ni baridi. Kumbe chini yake kulikuwa na uvimbe unaokua. Daktari wa hospitali kubwa alimwambia ni lazima ukatwe, na kwamba upo karibu sana na mishipa ya sauti, hivyo hawezi kuahidi. Katekista alimuuliza kama baadaye ataweza kumeza ugali. Daktari akasema ndiyo. "Basi kata," akasema.

Kijana wa kompyuta alipopata habari alikuja mbio, akamkuta dukani kwangu.

"Usiogope, mama. Sauti yako tunayo ya kutosha. Siku hizi kuna mashine, inajifunza sauti ya mtu, halafu inasema chochote tunachoiandikia. Kidira atasema milele."

"Chochote?"

"Chochote."

"Hata uongo?"

"Ni mashine tu, mama. Haina dhambi."

"Mashine haina. Sauti ni yangu. Ikisema uongo, nani ataungama?"

Kijana alinitazama mimi. Mimi nikatazama sukari.

"Hapana," alisema Katekista, akajifunga skafu vizuri. Siku tatu baadaye alilazwa.

Alirudi kanisani baada ya kidonda kupona. Alisimama kwenye matangazo kama zamani, akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa sauti nzito yenye mikwaruzo, kama mashine ya kumenya kahawa iliyomeza kokoto. Watoto wa benchi la mbele waligeuka nyuma kuangalia ni nani anayesema. Mtoto mmoja mdogo, bila ubaya wowote, akamuuliza mama yake, "Katekista yuko wapi?"

Alikunja karatasi, akampa Mwenyekiti, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Kwa majuma mengi hakusema. Ng'ombe alimwita kwa kupiga makofi. Nilipompelekea sukari aliitikia kwa kichwa. Darasa la mafundisho lilipungua mpaka wakabaki wale ambao mama zao waliwasindikiza kwa fimbo. Asubuhi moja, watoto wakiwa shule, alisimama kwenye mlango wa kibanda changu akanionyesha televisheni. Nikaiwasha. Nahodha akatokea, na Kidira begani kwake akipiga kelele za furaha kwamba ameona nchi kavu. Katekista alisikiliza akiwa amesimama, mkono shingoni, machozi yanashuka na yeye hayafuti.

"Alikuwa mtoto mzuri," alisema hatimaye, kwa ile sauti mpya. Kisha, kwa kuwa alikuwa yeye, akaongeza, "Ila alikuwa anasema haraka mno."

Kijana wa kompyuta alirudi kuomba ushauri, maana gemu la pili lilikuwa linatakiwa na Kidira hayupo. Katekista alishangaa kwamba jambo hilo linawasumbua wasomi. "Mtoto yuko baharini miaka yote hiyo, hasomi? Mpelekeni bweni!" Ndivyo ilivyo kwenye gemu la pili, nahodha anamsindikiza Kidira na sanduku la bati mpaka kwenye geti la shule, analia, na wazazi wengi huku kwetu wanasema hapo ndipo gemu lilipoanza kuwa na maana. Lakini siku ile kijana hakuandika chochote. Alikuwa amesimama mdomo wazi.

"Mama," alisema, "hebu sema tena. Kwa hasira hiyo hiyo."

Julai hii, katikati ya baridi, Katekista aliniita kwake. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya migomba, koti la marehemu mumewe mabegani, kikombe cha mtori kinatoa mvuke. Nikamwamkia, akaitikia kwa mngurumo.

"Wamenipa haramia," alisema. "Mkuu wao. Ana jicho moja na meli kumi. Kila akitokea anatukana. Sasa mwanangu, mimi matusi siyajui. Wewe una kibanda, unayasikia kila siku. Nifundishe."

Nilikaa pale mbele ya mtu aliyenifundisha Amri Kumi na kujaribu kumtukana kwa heshima. Nilianza na la kwanza. Akatikisa kichwa. "Hilo linamgusa mama wa mtu." Nikatoa la pili. "Hilo ni uzinzi." La tatu alilifikiria, akasema ng'ombe hajakosa kitu. Matusi yangu yote yakakataliwa moja moja, na nikaona aibu kwamba nilikuwa nayo mengi kiasi hicho. Mwishowe akaweka kikombe chini, akasimama, akajaribu ya kwake.

"Mbege isiyochacha wewe!"

"Sauti, Katekista. Ni haramia."

Akavuta pumzi, akaigeukia migomba, akanguruma mpaka kuku wakaruka:

"Mbege isiyochacha wewe! Gunia la kahawa ya chooni! Nitakuvua ngozi niwambie ngoma, na ngoma yenyewe isichezwe!"

Kwenye njia inayopita pembeni ya kihamba chake cha migomba alikuwa amesimama bwana mifugo, aliyeitwa kuja kumwangalia ndama. Kofia ilikuwa mkononi, na mguu mmoja ulikuwa tayari umegeukia alikotoka.

"Naweza kuja kesho, mama," alisema.

"Karibu, baba, karibu ndani, si wewe," alinguruma Katekista kwa ukarimu wote, na yule mtu akaingia kwa haraka ya mtu asiyethubutu kukataa, akamwamkia shikamoo, akafika zizini akamwamkia tena.

Katekista alinigeukia. Sijui niseme vipi uso ule. Sikuwa nimeuona ukicheka tangu hospitali.

"Ya ngoma," alinong'ona. "Ya ngoma imemwingia."